Herufi U: Setilaiti ya Malindi na Nyota Zinazokula Wenzake

Ukifungua makala yoyote ya kitaalamu kuhusu nyota za nyutroni, hutasoma kurasa nyingi kabla ya kukutana na majina ya ajabu kama 4U 1636-53, 4U 1820-30 au 4U 1728-34. Yanafanana na namba za magari. Namba za nyuma ni rahisi kuelewa, kwani zinaonyesha mahali kitu kilipo angani, kama vile anwani ya nyumba. Ile 4 ya mwanzo inasema kwamba orodha ni toleo la nne. Na U je? U ni Uhuru. Ndiyo, neno hilo hilo unalolijua. Kila siku, mahali fulani duniani, mwanafizikia ambaye hajui hata salamu ya Kiswahili anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, na pengine hana habari.

Habari yenyewe inastahili kusimuliwa vizuri, kwa sababu mara nyingi inaishia kwenye sentensi moja ya kujivunia: "Setilaiti ya kwanza ya eksirei ilirushwa Kenya." Sawa, ni kweli. Lakini iliona nini? Na kwa nini wengine, waliokuwa na vifaa vizuri tu, hawakukiona kabla yake? Twende taratibu.

Dakika tano za kutazama

Angahewa yetu ni blanketi zuri sana. Inazuia eksirei zote zitokazo angani, na tungekuwa na shida kubwa kama isingefanya hivyo. Ubaya wake ni kwamba anayetaka kuona eksirei za nyota lazima atoke nje ya blanketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia iliyokuwepo ni roketi ndogo: inapanda wima, inapita juu ya angahewa kwa dakika chache, halafu inaanguka.

Mwezi Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi walirusha roketi ya namna hiyo kutoka White Sands, New Mexico. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka kwenye Mwezi. Majaribio mawili ya awali yalishindikana: mara ya kwanza roketi yenyewe iligoma, mara ya pili milango ya kifaa haikufunguka. Mara ya tatu milango ikafunguka, na vifaa vikaona chanzo kikali cha eksirei. Lakini hakikuwa Mwezi. Kilikuwa upande wa kundi la nyota la Nge, kwa hiyo kikaitwa Scorpius X-1, yaani chanzo cha kwanza cha eksirei katika Nge.

Ugunduzi huo ulileta fumbo. Jua letu hutoa eksirei, ila ni chache mno. Ukilichukua Jua ukaliweka kwenye umbali wa nyota nyingine, vifaa vya 1962 visingeliona kabisa. Hiki kitu cha Nge kilikuwa kinatoa eksirei zenye nguvu kuliko mwanga wote wa Jua, tena kwa maelfu ya mara. Walipokitafuta kwa darubini za kawaida mwaka 1966 walikuta nyota hafifu ya rangi ya buluu, ambayo jicho tupu haliwezi kuiona. Kitu cha aina gani kinanong'ona kwa mwanga wa kawaida huku kikipiga mayowe kwa eksirei?

Mawazo yalikuwepo. Mwaka 1967 Mrusi Iosif Shklovsky aliandika kwamba huenda ni nyota ya nyutroni inayomwagiwa gesi na nyota jirani. Wazo lilikuwa sahihi. Lakini wazo sahihi lisilo na ushahidi linakaa foleni pamoja na mawazo mengine yote, na roketi zisingeweza kuleta ushahidi huo. Tatizo halikuwa ukali wa jicho. Tatizo lilikuwa muda. Ukimwangalia mtu kwa dakika tano mara moja kwa mwaka, hutajua analala saa ngapi, anaishi na nani, wala anakula nini.

Kwa nini Malindi?

Basi Giacconi na kundi lake wakataka setilaiti, yaani jicho linalokaa juu na kutazama mchana na usiku. Hesabu ni rahisi: siku moja ina vipande 288 vya dakika tano. Siku moja ya setilaiti ni kama roketi 288.

Setilaiti waliyotengeneza ilikuwa ndogo, kama kilo 140 hivi. Ilikuwa na jozi ya vihesabio vya eksirei vilivyotazama pande mbili zinazopingana, na ilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12 hivi, ili macho yake yafagie anga. Iliyobaki ilikuwa kupata mahali pa kuirushia.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa wamejenga majukwaa mawili baharini karibu na Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Moja liliitwa San Marco, ambalo roketi zilirukia, na la pili Santa Rita, la kuongozea mitambo. Mahali hapo pako nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, na katika kurusha setilaiti jambo hilo lina faida mbili kubwa.

Kwanza, Dunia inapojizungusha, mtu wa ikweta anasafiri kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa bila hata kuinuka kitini. Roketi inayorushwa kutoka hapo inaanza na zawadi ya kasi hiyo, na roketi ndogo kama Scout iliyotumika ilihitaji kila msaada. Pili, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu mbaya zaidi ya eneo la Atlantiki ya Kusini, ambako chembe zenye umeme zilizonaswa na sumaku ya Dunia hushuka chini sana. Chembe hizo huvipigia kelele vihesabio vya eksirei. Ni kama kujaribu kusikiliza redio kando ya mashine ya kusaga unga.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ikaruka. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, ndiye aliyependekeza setilaiti ipewe jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Kwenye karatasi za ofisi iliitwa SAS-1, lakini jina hilo leo analikumbuka nani?

Nyota inayopepesa

Mwezi Januari 1971, wiki chache tu baada ya kuruka, Uhuru ilitazama chanzo kilichojulikana tayari kwa jina la Centaurus X-3. Roketi zilishawahi kukiona. Uhuru iliona kitu ambacho hakikutarajiwa: eksirei zake zilikuwa zinapanda na kushuka kwa mpangilio, pigo moja kila sekunde 4.8 hivi, kama mapigo ya moyo.

Sasa hebu fikiri kama mpelelezi. Kitu gani angani kinaweza kupiga hivyo bila kukosea? Jibu la kwanza ni kitu kinachojizungusha, kama taa ya mnara wa bandarini. Lakini kitu kikubwa hakiwezi kujizungusha haraka hivyo. Jua likilazimishwa kujizungusha mara moja kwa sekunde tano litapasuka vipande vipande. Lazima kiwe kidogo na kizito sana.

Wakati huo ulimwengu ulikuwa tayari unazijua pulsa. Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa udaktari huko Cambridge, alikuwa amezigundua mwaka 1967 kwa mawimbi ya redio, na zilitambuliwa kuwa nyota za nyutroni zinazojizungusha. Nyota ya nyutroni ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Maada inayozidi Jua zima imeshindiliwa ndani ya mpira wenye upana wa kilomita 24 hivi, umbali ambao haukufikishi kutoka Malindi mpaka Ngomeni.

Je, Centaurus X-3 ni pulsa tu kama zile za Bell? Hapana, na hii ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu unaweza kuikagua mwenyewe kwa hesabu za mwaka wa kwanza wa chuo. Pulsa ya redio inaishi kwa akiba: inatumia nishati ya mzunguko wake, kwa hiyo kila mwaka inapungua kasi kidogo. Chukua nyota ya nyutroni inayojizungusha mara moja kwa sekunde 4.8, piga hesabu ya akiba yake yote, kisha gawanya kwa nguvu ya eksirei za Centaurus X-3. Unapata muda usiofika mwaka mmoja. Yaani kama ingekuwa inaishi kwa akiba, ingekuwa imefilisika mapema sana. Na vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha jambo la ajabu zaidi: kwa wastani ilikuwa inaongeza kasi. Mtu anayetumia pesa kila siku huku salio linapanda ana mfuko mwingine. Mfuko huo ulikuwa wapi?

Honi ya matatu

Jibu lilikuja kwa sababu Uhuru iliendelea kutazama. Mapigo ya Centaurus X-3 hayakuwa sawasawa kabisa. Kwa muda yalikuwa yanakaribiana kidogo, halafu yanaachana kidogo, kisha yanakaribiana tena, na mzunguko huo wote ulirudia kila siku 2.09.

Hili unalijua kutoka barabarani. Matatu ikija kwako huku inapiga honi, sauti inakuwa kali. Ikishakupita, sauti inashuka. Honi ni ile ile, kilichobadilika ni mwendo wa gari kwako. Mapigo ya nyota nayo ni hivyo hivyo: yakikaribiana, nyota inakuja upande wetu, na yakiachana, inaondoka. Uhuru ilikuwa inaona kitu kinachozunguka kitu kingine, kikija na kwenda kwa kasi ya kilomita 415 kwa sekunde.

Kama hilo halitoshi, katika kila mzunguko eksirei zilipotea kabisa kwa karibu nusu siku, halafu zikarudi. Na zilipotea wakati ule ule ambao hesabu ya mwendo inasema nyota iko upande wa mbali. Kilichokuwa kinatokea ni kupatwa, kama kupatwa kwa Jua: nyota kubwa inapita mbele na kuficha ndogo. Ushahidi huo ulichapishwa mwaka 1972, mwandishi wa kwanza akiwa Ethan Schreier. Kutokana na kasi na muda wa mzunguko, walikokotoa kwamba mwenzake ana uzito unaozidi Jua kwa zaidi ya mara 15. Mwaka 1974 Wojciech Krzemiński, mtaalamu wa nyota kutoka Poland, akatangaza kwamba nyota hiyo kubwa ameipata kwa darubini, mahali pale pale.

Zingatia jambo moja. Siku 2.09 ni muda ambao roketi ya dakika tano isingeuona hata ungeirusha mara mia. Na kupotea kwa nusu siku, kwa mtu wa roketi, kungeonekana kama chanzo kisichoeleweka: leo kipo, kesho hakipo. Fumbo la miaka minane lilifunguliwa na subira.

Kupe na ng'ombe

Sasa tunaweza kusema mfuko ule mwingine ni upi. Nyota ya nyutroni inakula. Inamzunguka mwenzake kama kupe aliyeng'ang'ania ng'ombe: ndogo mno, lakini haimwachi. Gesi ya nyota kubwa, ama kwa kupeperushwa kama upepo au kwa kumwagika kutoka kwenye uso wake, inaingia katika himaya ya ile ndogo. Kwa kuwa gesi hiyo ina mzunguko wake, haidondoki moja kwa moja. Inajikunja na kuwa diski, kama maji yanayozunguka kabla ya kuingia tunduni, na inashuka taratibu. Mwisho uga wa sumaku unaishika na kuielekeza kwenye ncha za nyota. Hapo ndipo inapogonga, inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kung'aa kwa eksirei. Nyota ikijizungusha, ncha hizo zinatugeukia na kutuacha, na sisi tunaona mapigo.

Je, kuanguka tu kunaweza kutoa nishati yote hiyo? Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu nne hivi. Kikidondoka kutoka mbali hadi kwenye uso wa nyota ya nyutroni, kinafika kikiwa na kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga, na nishati anayoitoa mgeni huyo ni ya kiwango cha bomu lililoangushwa Hiroshima. Kijiko kimoja! Gramu kwa gramu, kuanguka huko kunatoa nishati zaidi ya mara 20 kuliko ile ya kuchoma hidrojeni ndani ya Jua. Na gesi inayoanguka kwa kuzunguka inaisukuma nyota, kama mtoto anavyosukuma gurudumu kwa fimbo. Ndiyo maana Centaurus X-3 inaongeza kasi badala ya kupunguza.

Uhuru haikuishia hapo. Mwaka huo huo wa 1972 kundi likiongozwa na Harvey Tananbaum lilieleza kuhusu Hercules X-1, inayopiga kila sekunde 1.24 na kumzunguka mwenzake kwa siku 1.7. Mwenzake alikuwa ameshajulikana kwa miaka mingi kama nyota inayobadilika mng'aro, bila mtu kujua kwa nini. Sasa ikaeleweka: upande wake mmoja unaunguzwa na eksirei za jirani. Mwaka 1976 kundi la Joachim Trümper kutoka Ujerumani, kwa kutumia puto, liliona alama katika eksirei za Hercules X-1 iliyowawezesha kukadiria nguvu ya sumaku yake: gausi trilioni kadhaa. Sumaku ya Dunia inayoelekeza dira yako haifiki hata gausi moja.

Waliofuata njia ile ile

Uhuru ilinyamaza mwaka 1973. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Majukwaa ya Ngomeni nayo yaliendelea na kazi. Mwaka 1974 yalirusha Ariel 5 ya Uingereza, na mwaka 1975 SAS-3, zote za eksirei. Hiyo ya mwisho ilikuwa miongoni mwa setilaiti zilizochunguza milipuko ya ghafla, inayopanda kwa sekunde chache na kufifia. Hiyo ni hadithi nyingine ya ulaji: gesi iliyoanguka inarundikana juu ya nyota kwa saa kadhaa, kisha heliamu inalipuka yote kwa mpigo, kama masizi yanayowaka ndani ya bomba la moshi. Ukipima joto na mng'aro wa mlipuko unapata ukubwa wa kitu kinachong'aa, nao ni nusukipenyo cha kilomita 10 hivi. Kwa hiyo wanafizikia wakawa wanapima mpira mdogo kuliko mji, ulioko maelfu ya miaka-nuru kutoka hapa.

Mwaka 1998 setilaiti iliyopewa jina la Bruno Rossi, yule wa roketi ya 1962, ilipata nyota inayokula huku ikijizungusha mara 401 kwa sekunde. Gurudumu lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho. Na ile 4U 1820-30 ya mwanzo wa makala? Inamzunguka mwenzake kwa dakika 11. Mwaka wake mzima unaisha kabla chai yako haijapoa.

Sasa, U ni ya nani?

Tuseme ukweli bila kuzungushana. Setilaiti ilitengenezwa Marekani, jukwaa lilikuwa la Waitaliano, na data zilichambuliwa Massachusetts. Mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na alistahili. Kenya ilitoa bahari, ikweta na jina. Majina ya waandishi kwenye zile makala za 1971 na 1972 hayana hata mmoja wa huku kwetu. Nusu karne baadaye, mwezi Aprili 2023, setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Yaani setilaiti ya Wamarekani iliruka kutoka Malindi, na ya Wakenya ikaruka kutoka Marekani. Ukitaka kucheka cheka, ukitaka kununa nuna.

Lakini kuna jambo ambalo ikweta na majukwaa haviwezi kumpa mtu wala kumnyima. Data za setilaiti nyingi za eksirei, kuanzia ile ya Rossi hadi NICER iliyofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017, zimewekwa wazi kwenye intaneti. Huhitaji jukwaa baharini. Unahitaji kompyuta ya kawaida, programu za bure na ile subira iliyofungua fumbo la 1971. Mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bukavu anaweza leo kupakua mapigo ya Centaurus X-3, akayapanga kwenye grafu, akaona kwa macho yake yakikaribiana na kuachana kila siku 2.09. Hapo ndipo deni linapolipwa: siku makala yenye 4U kwenye kichwa chake itakapoandikwa na watu ambao U hawahitaji kutafsiriwa.

Ukitaka kuanza leo, anza na macho. Mwezi Mei, saa tatu za usiku, tazama kusini utafute Msalaba wa Kusini. Sogea kidogo kulia kwake. Hutaona kitu cha pekee, kwani nyota ya Krzemiński ni hafifu mno na eksirei haziwezi kupenya blanketi letu. Lakini ipo hapo, zaidi ya miaka-nuru 15,000 kutoka ulipo, na kupe wake bado anakula.